Sanaa Darasani Kibondo na Kasulu: Mtoto Anasema Maneno ya Nani?

Katika shule za Busunzu, kama ilivyo katika kata nyingine za Kibondo na kwa majirani zao wa Kasulu, sanaa haijawahi kukosekana. Asubuhi wanafunzi hukimbia mchakamchaka huku wakiimba. Siku ya mahafali kwaya husimama mbele ya mgeni rasmi, ngoma hupigwa, wawili watatu hughani ngonjera, na mmoja husoma risala. Mwenge wa Uhuru ukikaribia wilayani, mazoezi ya kuupokea huchukua siku na siku. Mtu akiuliza kama watoto wa nyanda za juu za Kigoma wana vipaji, atajibiwa kabla hajamaliza kuuliza.

Swali gumu ni jingine. Mgeni rasmi akishapanda gari na kuondoka, sanaa hiyo inabaki na kazi gani shuleni? Inamsaidia mtoto wa darasa la tatu kuielewa habari aliyoisoma? Inamfungua mdomo binti wa kidato cha kwanza ambaye tangu Januari hajanyoosha mkono hata mara moja? Jibu linategemea jambo moja ambalo mijadala ya elimu hulipita haraka: mtoto anapoimba, anapochora au anapoigiza, anasema maneno ya nani? Pale anapotunga na kuamua mwenyewe, sanaa humfundisha. Pale anapokaririshwa maneno ya wakubwa, anaweza kupendeza jukwaani na akarudi darasani kama alivyotoka.

Buha, nchi ya Waha, ina sababu yake ya pekee ya kulitazama suala hili kwa makini, nayo ni lugha. Mtoto wa Busunzu hukua na Kiha, lugha iliyo karibu sana na Kirundi cha ng'ambo ya mpaka. Akiingia darasa la kwanza anakutana na Kiswahili, ambacho kimekuwa lugha ya kufundishia elimu ya msingi nchini tangu 1967. Akifaulu kwenda sekondari, masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Katika muda wa miaka minane hivi anatakiwa kuanza upya mara mbili, na kila mara anaanza akiwa kimya. Mwalimu akiuliza kama wameelewa, darasa zima linaitikia "Ndiyo, mwalimu" kwa sauti moja. Akimtaja mwanafunzi mmoja kwa jina na kumwomba aeleze, anainuka, anatazama chini, anabaki hivyo mpaka aambiwe akae. Ukimya huo umewahi kuitwa upole, na hata uzito wa akili. Mtoto huyohuyo jioni, akiwa na wenzake machungani au kisimani, anasimulia tukio zima kwa Kiha, akiiga sauti za watu wanne tofauti, na wenzake wanavunjika mbavu. Uwezo wa kueleza anao. Njia ya kuupeleka darasani ndiyo haijajengwa.

Ipo mipango iliyolitambua hili. Mwaka 2014 ulipoanza mpango wa EQUIP-Tanzania uliogharamiwa na Uingereza, Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa saba ya mwanzo. Ndani yake kulikuwa na programu ya utayari, iliyolenga watoto waliokuwa hawajapata elimu ya awali. Mwanajamii aliyepewa mafunzo mafupi alikaa na watoto kwa wiki kadhaa kabla hawajaanza darasa la kwanza, na kiini cha mafunzo kilikuwa vitabu vya hadithi. Hadithi moja ilizaa nyimbo, michezo, michoro na mazungumzo ya Kiswahili chepesi. Uamuzi wa kuanza na hadithi, na silabi baadaye, ulikuwa na busara kubwa kwa eneo kama Kibondo. Mtoto anayetaka kujua fisi alifanya nini baada ya kudanganywa ataifuata lugha hata kama nusu ya maneno hayajui.

Tafiti za nje nazo zinaelekea huko, ingawa zinaonya dhidi ya kushangilia mapema. Mwaka 2000 mtafiti Ann Podlozny alikusanya tafiti zipatazo 80 kuhusu uigizaji darasani. Aligundua kwamba watoto wanaoigiza hadithi huielewa na kuikumbuka vizuri zaidi, na kwamba manufaa hayo huvuka hata kwenye matini ambazo hawajawahi kuziigiza. Miaka 13 baadaye Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilichapisha mapitio mapana ya suala zima la sanaa na kujifunza, likafikia mahali hapohapo kuhusu uigizaji na stadi za lugha. Lakini mapitio hayo yalikataa kuunga mkono dai linalopendwa sana, kwamba sanaa ya aina yoyote huinua alama za somo lolote. Mji wa Houston, Marekani, ulitoa jaribio safi zaidi: shule 42 na wanafunzi zaidi ya 10,000, baadhi ya shule zikipewa programu za sanaa kwa kura na nyingine zikisubiri. Matokeo yaliyotangazwa 2019 na watafiti Daniel Bowen na Brian Kisida yalionyesha makosa ya nidhamu yakipungua, uandishi ukiimarika, na wanafunzi wakiwajali wenzao zaidi. Alama za Hisabati hazikubadilika kwa kiasi cha kutajika.

Kwa hiyo mwalimu mkuu anayeahidiwa kwamba kikundi cha ngoma kitapandisha ufaulu wa Hisabati anaahidiwa kitu ambacho ushahidi hauna. Anayeambiwa kwamba maigizo yatawafanya wanafunzi wake waelewe wanachosoma na wakiandike, anaambiwa ukweli. Na kwa Busunzu, ambako lugha ndiyo mlango wa masomo yote, faida hiyo ya pili si ndogo hata kidogo.

Tanzania yenyewe ina ushahidi wake. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulipoanza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993, ukizungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI, kituo cha Dodoma hakikuurusha kwa miaka miwili, ili watafiti wapate eneo la kulinganisha. Waliousikia walibadilika kuliko wasiousikia. Miaka zaidi ya 20 baadaye katuni ya Akili and Me, iliyotengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo, ilipimwa mkoani Morogoro kwa watoto zaidi ya 500 wa umri wa awali. Waliotazama walipiga hatua katika kuhesabu, kutambua namba na maumbo, kuchora, na hata katika msamiati wa Kiingereza. Wimbo na mhusika anayependwa vilifanya kazi ambayo ubao mweusi peke yake ulikuwa ukiihangaikia.

Namna kazi hii inavyofanyika darasani huonekana vizuri katika habari fupi ya ufahamu, kama zile zinazosomwa darasa la nne. Tuseme habari inahusu mtoto aliyevunja chungu cha mama yake, akakificha nyuma ya ghala, na mama aliporudi kutoka shambani mtoto akamwamkia bila kumtazama. Kwa mtindo wa kawaida, swali litakuwa: nani alivunja chungu? Wanafunzi wote watajibu, kwa kuwa jibu limo katika mstari wa pili na linanakilika. Sasa mwalimu awaite wawili mbele waigize. Mmoja ni mama, ana jembe begani. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Mmeshindaje?" Hapo mchezo unakwama, maana mwigizaji hajui macho yake ayaelekeze wapi. Wenzake wanapaza sauti: tazama chini! Hapana, jifanye unafagia! Mwalimu anauliza kwa nini afagie. Mtoto aliyekuwa amejikunyata nyuma anasema kwamba mtu mwenye hatia hujipa kazi. Jibu hilo halimo katika mstari wowote wa kitabu. Amelitoa katika kuwajua watu, na amelazimika kulitafutia Kiswahili chake mwenyewe. Huko ndiko kusoma kwa ufahamu, na dakika kumi zimetosha.

Mfano wa pili unahusu udongo. Mwalimu wa Jiografia wa sekondari anapofika kwenye kontua, mistari inayoonyesha mwinuko wa ardhi kwenye ramani, hukuta wanafunzi wanakariri tafsiri yake kwa Kiingereza bila kuiona maana. Ni jambo la kusikitisha kwa vijana ambao kila siku hupanda na kushuka vilima kwenda shule. Wagawe katika vikundi vya watu sita, kila kundi lipate donge la udongo wa mfinyanzi kutoka bondeni. Wafinyange kilima kinachoonekana kupitia dirishani, upande mmoja mkali, mwingine umelala. Wachomeke vijiti viwili wima kutoka juu hadi chini, kisha wavichomoe, ili matundu yaliyobaki yasaidie kila kipande kukaa mahali pake. Wakiweke kilima juu ya karatasi na kuzungusha penseli kwenye kitako. Wakate kwa uzi kipande cha chini chenye unene wa sentimita mbili, wakiondoe, wapange matundu, wazungushe penseli tena. Waendelee hivyo mpaka kileleni. Udongo ukiisha, karatasi ina duara ndani ya duara. Upande mkali mistari imebanana, upande uliolala imeachana, na kila mtu katika kundi anajua sababu kwa kuwa mikono yake ndiyo iliyoikata. Vipindi viwili vya dakika 40 vimekwisha, na gharama ni karatasi moja kwa kila kundi na uzi. Kesho yake mwalimu anaweza kuwauliza kwa nini baba zao hulima matuta ya kukinga maji kwa kukatisha mteremko, na somo la ramani likageuka kuwa somo la mmomonyoko.

Mambo haya hayahitaji msanii aliyebobea. Yanahitaji mwalimu anayekubali kwamba kwa muda fulani darasa litakuwa na kelele, na mkuu wa shule ambaye hataitafsiri kelele hiyo kuwa utovu wa nidhamu.

Imekuwaje, basi, nchi iliyojaa sanaa namna hii ikaiacha zaidi uwanjani kuliko darasani? Historia inatoa sehemu ya jibu. Shule za kikoloni na nyingi za misheni ziliitazama ngoma kama ushenzi. Mwalimu Nyerere, katika hotuba aliyoitoa alipokuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika mwezi Desemba 1962, alilalamika kwamba kizazi chake kilifundishwa shuleni nyimbo za Wazungu na kikaachwa bila nyimbo za kwao, akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Ngoma ikarudi shuleni kwa heshima. Mwaka 1968, baada ya Azimio la Arusha, Nyerere aliwaomba washairi walieneze, na Mathias Mnyampala, kiongozi wa chama cha washairi cha UKUTA, akaistawisha ngonjera kuwa chombo cha kufanyia kazi hiyo. Vitabu vyake vya ngonjera vilichapishwa mara baada ya kifo chake cha 1969, na kwa miaka mingi hapakuwa na shule ya Tanzania isiyojua ngonjera.

Deni la taifa kwa Mnyampala ni kubwa. Alimfanya mtoto wa kijijini, awe Mgogo, Mha au Mmakonde, asimame mbele ya watu na kutamka Kiswahili chenye vina na mizani bila woga. Lakini umbo la ngonjera ya kisiasa lilikuwa na mpaka wake: mmoja haelewi, mwingine anaelewa, na mwishoni asiyeelewa anakubali. Jibu lilijulikana kabla ya ubeti wa kwanza. Mtindo huo ndio uliorithiwa na shughuli za mgeni rasmi hadi leo. Mwalimu anatunga, wanafunzi wanakariri, mada imetoka wilayani, na shukrani ziko ubeti wa mwisho.

Waliolitambua tatizo hilo mapema walikuwa walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakafanya kazi na vijana wa kijiji kutafuta kwa ngoma na maigizo matatizo yaliyokuwa yakiwasibu wao wenyewe. Wasomi hawakwenda na mchezo mkononi. Mchezo ulitungwa na waliokuwa na tatizo, ukaonyeshwa mbele ya wazazi na viongozi, na baada ya ngoma kunyamaza watu wakakaa kuzungumza.

Kutoka katika shule hiyo ya fikra ndipo ilipozaliwa, mwaka 1996, programu ya Tuseme. Huu ndio mfano wenye uzito kuliko yote ambayo Tanzania imeutolea ulimwengu katika uwanja huu, na inashangaza kwamba unatajwa kwa nadra. Tuseme ililenga wasichana wa sekondari. Mlama na Lihamba walianza na jambo walilolijua kwa uzoefu: wasichana wanaokwama shuleni mara nyingi wanajua vema kinachowakwamisha, ila hawana mahali pa kukisema. Hatua zake zilikuwa na mpangilio. Kwanza wanafunzi wenyewe walifanya uchunguzi shuleni, wakiuliza na kuandika: mwalimu anayetongoza, kazi za nyumbani zinazomaliza jioni yote, bweni lisilo salama, hedhi isiyo na vifaa, kejeli za wavulana msichana anapojibu vibaya. Halafu walichambua sababu. Baada ya hapo walitunga mchezo, wimbo au ngoma, wakaonyesha mbele ya shule nzima na uongozi wake. Onyesho lilifuatiwa na majadiliano, na majadiliano yakazaa mpango wa utekelezaji wenye majina ya wahusika. Klabu ya Tuseme ilibaki ikifuatilia.

Nguvu ya utaratibu huo iko katika kinga inayotolewa na jukwaa. Msichana ambaye asingethubutu kuingia ofisi ya mkuu wa shule kusema anasumbuliwa, anaweza kumchezea msichana mwingine, mwenye jina jingine, anayesumbuliwa. Ukumbi mzima unaelewa. Hakuna aliyetajwa, na hakuna anayeweza kusema hakusikia. Msichana huyo pia amefanya utafiti, ametunga hoja, amekumbuka mazungumzo ya kurasa kadhaa na amejibu maswali ya hadhira. Hizo ni stadi za kitaaluma kamili, hata kama hakuna mtihani unaozipima. FAWE, jukwaa la wanawake wanaelimu wa Afrika lenye makao Nairobi, ambalo Mlama mwenyewe alikuja kuliongoza, liliichukua Tuseme na kuipeleka katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Rwanda, Gambia na Senegal, ikibaki na jina lake la Kiswahili.

Kwa Kibondo na Kasulu, Tuseme ina mahali pa kukaa. Novemba 2021 serikali, kupitia Waziri wa Elimu wa wakati huo Joyce Ndalichako, ambaye pia alikuwa Mbunge wa Kasulu Mjini, iliruhusu wasichana walioacha masomo kwa ujauzito warudi katika shule za kawaida. Waraka wa serikali unaweza kumrudisha msichana getini. Namna wenzake watakavyompokea darasani ni suala ambalo waraka hauwezi kulimaliza, na ni hapo igizo lililotungwa na wanafunzi wenyewe linapoweza kufanya kazi kuliko hotuba kumi za paredi.

Yapo pia mambo ya kuogopwa, na yasemwe. Sanaa inayompa mwanafunzi sauti itasema yasiyopendeza. Kenya, ambako tamasha la kitaifa la maigizo ya shule lilianza 1959 na limekuwa shule ya waigizaji na waandishi wengi, imelijua hilo kwa uchungu. Mwaka 2013 mchezo wa Shackles of Doom wa shule ya wasichana ya Butere ulizuiwa kwenda ngazi ya taifa hadi mahakama ilipoingilia. Aprili 2025 shule hiyohiyo ilipeleka Nakuru mchezo mwingine, Echoes of War, mabomu ya machozi yakapigwa eneo la tamasha, na wasichana wakaondoka bila kuigiza. Na hata katika kisa hicho kuna swali la kujiuliza, kwa sababu michezo yote miwili ilitungwa na mwanasiasa mtu mzima, Cleophas Malala. Serikali ilikosea kupeleka askari dhidi ya mchezo wa watoto. Lakini anayeamini katika sauti ya mwanafunzi anapaswa pia kutamani mwanafunzi awe ndiye aliyeshika kalamu.

Hatari ya pili ni ya kimyakimya zaidi, nayo imo katika kila darasa la kwanza lenye watoto wengi. Kiitikio huficha. Watoto 90 wakiimba irabu kwa pamoja, sauti inatikisa bati, na mwalimu anatoka akiamini somo limeeleweka. Lakini mtoto mmoja mmoja akiitwa ubaoni, wengine hawaitambui hata herufi moja. Walikuwa wakifuata sauti ya jirani. Taarifa za mpango wa Uwezo, ulioanza 2010 kuwapima watoto majumbani, zilionyesha mwaka baada ya mwaka wengi wa darasa la tatu wakishindwa kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili, na hawa ni watoto walioimba sana. Wimbo mzuri wa kufundishia una nafasi ya mtoto mmoja kuitika peke yake, kubadili neno, kuongeza ubeti, kunyooshea kidole herufi inayotajwa. Mwalimu anayeijua ngoma ya kwao anaelewa jambo hili bila kufundishwa, kwa maana ngoma yenyewe humtoa mtu mmoja katikati acheze, kisha humrudisha.

Hilo linatupeleka kwa Kedmon Mapana, mwanamuziki na mtafiti aliyekuja kuwa Katibu Mtendaji wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Alichunguza muziki wa watoto wa Kigogo na kuonyesha kwamba kuna mkatiko kati ya namna mtoto anavyojifunza muziki kijijini na namna shule inavyomfundisha. Kijijini anajifunza kwa kushiriki, kwa kutazama wakubwa, mwili na sauti vikienda pamoja. Shuleni anakalishwa. Mkatiko huohuo upo Buha. Hadithi na vitendawili ambavyo bibi husimulia kwa Kiha jikoni ni hazina ambayo mtoto angeweza kuisimulia upya kwa Kiswahili darasani, kisha akaiandika, kisha akaichora, na baadaye sekondari akaijaribu kwa Kiingereza. Kila hatua ni zoezi la lugha, na mtoto ndiye mwenye habari, kwa sababu mwalimu aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine haijui hadithi hiyo na anaisikiliza kweli.

Wakimbizi wameishi katika vilima hivi kwa miongo kadhaa, na habari ya sanaa na shule haiwezi kuandikwa bila wao. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena 2015 Warundi walipokimbia nchi yao. Shule za kambini zilifuata mitaala ya nchi walikotoka, kwa hiyo mtoto wa Kirundi na mtoto wa Kiha, wanaoelewana wakizungumza, walisoma kama walio mbali. Ngoma haikujua mpaka huo. Upigaji wa ngoma za kifalme wa Burundi, uliowekwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, una ndugu zake upande huu wa mpaka, katika ardhi iliyokuwa na Wami, yaani wafalme, wake yenyewe. Ikumbukwe pia kwamba urithi nao una malango yake: mwaka 2017 Burundi ilipiga marufuku kwa amri ya Rais wanawake kupiga ngoma hizo. Shule inayoleta sanaa ya jadi darasani itabidi iamue, kwa uwazi, kwamba msichana naye atashika vijiti.

Vijana wenyewe hawahitaji kushawishiwa kwamba sanaa ina thamani. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu walipokusanyika kama Kigoma All Stars na kutoa wimbo wa Leka Dutigite, kijana wa Kibondo aliwasikia watu maarufu wa taifa wakiibeba lugha ya nyumbani kwao. Tatizo ni kwamba kwa wengi wao ndoto ya muziki na kazi ya shule zimekaa kama njia mbili zinazokimbiana, ilhali mtunzi wa mashairi ya kizazi kipya anahitaji msamiati, mpangilio wa hoja na hesabu ya mapigo, vitu ambavyo darasa lingeweza kumpa kama lingempokea na daftari lake la nyimbo.

Mtaala mpya umefungua nafasi. Tangu Januari 2024 ulipoanza kutumika, Sanaa na Michezo ni somo la kawaida kuanzia darasa la tatu, lenye kitabu chake kutoka Taasisi ya Elimu Tanzania. Sekondari, muziki, sanaa za maonyesho na sanaa za ufundi vimekuwepo kama masomo ya hiari kwa miaka mingi, vikiwa na watahiniwa wachache. Kizuizi cha kwanza ni walimu. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kina sifa ya kuandaa walimu wa fani hizi, lakini mwalimu wa Kigoma ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupitia vyuo vya Kasulu au Kabanga, na huko ndiko mbinu za maigizo, uchoraji na usimulizi zingepaswa kuingia katika mafunzo ya kila mwalimu, awe wa Sayansi au wa Uraia. Kizuizi cha pili ni idadi. Kiwango rasmi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na elimu bila ada iliyoanza 2016 ilileta watoto wengi shuleni kuliko madarasa yaliyokuwepo. Kizuizi cha tatu ni fedha: ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, ambayo sehemu yake imetengwa kwa vitabu, haiachi senti ya kununulia kinanda.

Kinanda kinaweza kusubiri. Kinachoweza kuanza muhula huu ni kuibadilisha kazi ya kikundi cha mahafali. Badala ya mwalimu kutunga ngonjera ya kumshukuru mgeni, darasa la sita wapewe wiki tatu kuchunguza jambo moja la shule yao, mathalani kwa nini siku ya gulio nusu ya wenzao hawaonekani. Waulize wazazi, wahesabu katika daftari la mahudhurio, wachore jedwali, watunge igizo la dakika 15 kwa Kiswahili chao. Siku ikifika, mgeni rasmi aketi alipozoea kuketi, na likimalizika, kabla ya makofi kupoa, mwanafunzi mmoja amwombe ajibu.